Kuvuka Barabara

Siku tatu tu, Mama. Mbili za kuonja kahawa mezani,
fyonza, tema, andika namba,
fyonza, tema,
na ya tatu wakanipa niuone mji.

Saigon! Pikipiki kama siafu waliomwagiwa maji.
Baba, mama na watoto watatu juu ya moja,
mdogo kasimama mbele kashika vioo.
Friji imefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli,
inapita, na mwenye nayo anaongea na simu.
Honi kila upande, lakini sikusikia tusi,
au pengine walitukana nami sikuelewa.

Nilisimama ukingoni robo saa nzima.
Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, hawana habari nayo.
Ndipo akaja bibi mmoja, mfupi kunishinda,
kofia yake ya majani imechongoka kama paa la msonge,
akanishika kiwiko,
akaingia barabarani kama mtu aingiaye jikoni kwake.
Somo lake nililielewa kwa mkono:
usikimbie, usisimame, usirudi nyuma.
Nenda tu, watakupitia kushoto na kulia
kama maji ya mfereji yanavyolipita jiwe.
Ng'ambo akaniachia, akaondoka na kapu la vitunguu vya majani.
Nilitafuta asante ya kwao, nikaikosa.
Nikasema, "Aika."
Akaitikia kwa kichwa.

Mama anamenya ndizi za mtori, hanitazami.
"Walikulisha nini?"
"Supu, Mama. Asubuhi. Na tambi, na majani ya bustani nzima juu yake."
"Supu asubuhi?"
"Asubuhi na mapema, wamekaa vigodani, barazani."
Kisu kikasimama.
"Basi ni watu."

Sikumwambia kahawa yao nilivyoipenda,
nyeusi kama oili ya gari bovu,
inadondoka tone, tone, juu ya maziwa mazito ya kopo.
Mimi, ninayelipwa kutafuta ua na ndimu
kwenye kahawa ya Kibosho,
nilikunywa glasi tatu.
Ofisini wasijue.

"Na wewe, Mama, mara ya mwisho kushuka Moshi mjini?"
"Mwaka ule wa vitambulisho."
"Ukaona nini?"
"Foleni."

Jumamosi nikamfanya mtalii.
Kavaa kitenge cha harusi ya Ndekusara na sweta,
kakataa kofia yangu ya jua.
Stesheni ya reli akaigusa kuta, akauliza nani anafagia.
Mnara wa saa akautazama, akalitazama jua, akaguna.
Mlima ulijifunika. Hakuutafuta.
"Ule nauona nikianika nguo."

Barabara ya Double tukafika saa sita, joto, malori ya ndizi.
Nikamshika kiwiko. Nikasema: usikimbie,
usisimame, usirudi nyuma.
Tukaingia.
Hatua ya nne bodaboda ikalia breki,
tairi likanusa pindo la kitenge.
"We mama! Mmechoka kuishi?"
Na Mama, katikati ya lami,
akafanya yote matatu niliyomkataza:
akasimama, akageuka, akarudi hatua moja.
"Wewe ni mtoto wa nani?"
Kijana kimya.
"Nakuuliza."
"Wa Eliufoo. Wa Uru."
"Baba yako nilimbeba mgongoni ana surua,
hadi misheni, mvua inanyesha. Mwambie umenitukana."
Injini ikazimwa.
Mtoto wa Eliufoo akashuka, akanyoosha mikono miwili,
akayazuia malori ya ndizi,
akazuia na basi la Arusha,
mpaka kitenge kikafika ng'ambo, polepole,
hakina haraka na mtu.

Tulikaa kwenye ngazi za duka, soda mbili.
Yake aliimwagia kidogo chini, mazoea.
"Yule bibi wa kofia," akasema,
"anaitwa nani?"
"Sijui, Mama."
"Wa ukoo gani?"
"Mama, ni Saigon."
"Mtu kakuvusha barabara,
ukamwacha aende hujamuuliza hata ni wa nani?"
Akafuta mdomo kwa pindo.
"Ukirudi, umuulize."